Jina la Upendo ni Deni la Nani?

Wahenga walinena kwamba jina jema hung'ara gizani. Aghalabu usemi huu hufasiriwa kuwa unahusu sifa: mtu mwema hujulikana kwa wema wake hata pale asipoonekana. Fasiri hiyo ni sawa. Walakini jina kwa maana yake ya kwanza, yaani neno analoitwa mtoto tangu uchanga wake, nalo lina swali lake. Mzazi akimwita binti yake Upendo, je, ameeleza jinsi mtoto alivyo, ameomba jinsi atakavyokuwa, au ameamuru jinsi anavyopaswa kuwa? Na mambo yakienda kombo, upendo ukakosekana, nani atakayedaiwa: aliyepewa jina au aliyempa?

Swali hili ningependa tulitazame kwa njia ya majina ya kike ya Kigiriki yenye maana ya upendo. Nimeyachagua kwa sababu mbili. Kwanza, Wagiriki walikuwa na maneno kadhaa ya upendo pale ambapo lugha nyingi zina moja au mawili, na wakayatia mengi yao katika majina ya binti zao. Pili, baadhi ya majina hayo yamo katika madaftari yetu ya mahudhurio. Filomena tunaye katika madarasa ya Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, tena ameketi karibu na Rukundo, Kwagala na Mapendo, ambao lugha zetu wenyewe zimewapa maana iyo hiyo ya upendo. Kwa hiyo jambo la Wagiriki si la Wagiriki peke yao.

Kitenzi kimoja na majina mengi

Mwalimu wa Kiswahili ana chombo kizuri cha kuyapangia majina haya, nacho ni mnyambuliko wa kitenzi. Tuchukue kitenzi penda na tukinyambue kama tufanyavyo ubaoni.

Tukianza na nomino yenyewe, upendo, tunakutana na jina Agape. Neno hili lilikuwa nadra katika maandishi ya kale ya Kigiriki. Lilipata nguvu pale Wayahudi wa Aleksandria walipoyatafsiri maandiko yao kwa Kigiriki, kazi iliyoanza katika karne ya 3 K.K., na baadaye Wakristo wa kwanza walilifanya kuwa neno lao kuu la upendo. Waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili wakalipa neno upendo. Mwaka 304, wakati wa Kaisari Diocletian, wanawake watatu ndugu waliuawa katika mji wa Thesalonike kwa ajili ya imani yao. Majina yao yalikuwa Agape, Irene na Chionia; la kwanza ni upendo, la pili ni amani, na la tatu limetokana na theluji. Hadi leo Wagiriki huwaita binti zao Agapi, na neno hilo hilo ndilo walitumialo sokoni na nyumbani kwa maana ya upendo.

Tukinyambua kuwa pendeza, tunafika kwenye Erato na Erasmia. Yote mawili ni ya ukoo wa neno eros, yaani yale mapenzi ya kutamani ambayo washairi wa pwani huyaita mahaba au huba. Erato alitajwa na mshairi Hesiod, yapata mwaka 700 K.K., kuwa mmoja wa mabinti tisa wa Zeus wanaolinda sanaa. Wa baadaye wakamkabidhi mashairi ya mapenzi. Erasmia naye ni yule anayetamanika, anayevuta moyo wa amtazamaye.

Tukinyambua kuwa pendwa, majina yanakuwa mengi zaidi. Phila ni mpendwa. Philoumene ni apendwaye. Theophila ni mpendwa wa Mungu. Filomena wetu huwekwa na wengi katika kundi hili, kwa kulitoa jina lake katika Philoumene. Wengine huligawa kuwa phil na menos, na hapo nguvu inaingia ndani ya upendo. Jina hili lilipata umaarufu mkubwa baada ya mwaka 1802, lilipofukuliwa kaburi la msichana katika mahandaki ya Priscilla mjini Roma, nalo likiwa na maandishi yaliyosomwa kuwa ni Filumena. Heshima yake ilienea upesi katika karne ya 19, na pamoja na misheni jina likafika huku kwetu. Mwaka 1961 Roma iliiondoa sikukuu yake katika kalenda, kwani habari za maisha yake hazikuwa na ushahidi. Kalenda ilibadilika, lakini akina Filomena wamebaki.

Mwisho, tukikiacha kitenzi katika hali yake ya kutenda, penda, tunapata Philothei, yaani ampendaye Mungu. Hapa wanaosoma lugha na wasimame kidogo. Theophila na Philothei yameundwa kwa sehemu zile zile mbili, philo na theo. Kilichobadilika ni mpangilio tu. Philo ikitangulia, mwenye jina ndiye mtenda. Ikifuata nyuma, aghalabu mwenye jina ndiye mtendwa. Kwetu sisi kazi hiyo hufanywa na silabi moja: mpenda-watu si mpendwa wa watu, ingawa mtu mmoja anaweza kuwa yote mawili.

Kupenda au kupendwa?

Sasa, kama mzazi angepewa nafasi ya kuchagua jina moja tu kwa ajili ya binti yake, achague lipi: la kupenda au la kupendwa?

Moyo wa mzazi hukimbilia kupendwa, wala hilo si ajabu. Nani asiyetaka mwanawe apendwe? Lakini Aristotle, katika kitabu chake cha maadili kiitwacho Nicomachean Ethics, alilitazama jambo hili kwa jicho kali. Alisema kwamba watu walio wengi hutaka kupendwa kuliko kupenda, kwa sababu kupendwa kunafanana na kuheshimiwa, na watu ni wapenda heshima. Hata hivyo, kwa maoni yake, urafiki wa kweli umo zaidi katika kupenda. Ushahidi alioutoa hakuutafuta vitani wala bungeni, aliutafuta kwa akina mama. Alikumbusha kwamba wako akina mama wanaowatoa watoto wao walelewe na wengine, wakaendelea kuwapenda bila ya kupata malipo. Hata mtoto asipomjua mama yake, mama hutosheka kumwona anastawi.

Tukiupima msimamo huo kwa majina tuliyoyapanga, tutaona jambo. Majina ya kike tuliyoyataja, mengi yamelalia upande wa pendwa na pendeza. Ni kweli kwamba wavulana nao waliitwa Theophilos na Erasmios. Lakini mvulana aliyeitwa mpendwa alikuwa na njia nyingine nyingi za kujipatia thamani: vita, siasa, biashara, hekima. Msichana aliambiwa mara nyingi kwamba kupendwa ndiko kuliko thamani yake yote. Na kupendeza ni kazi iliyomo katika macho ya watu wengine. Yule anayeishi kwa kupendeza hukaa katika nyumba ya kupanga; siku mwenye nyumba akigeuka, hana pa kwenda. Kupenda, kwa upande mwingine, ni tendo la mwenyewe, wala hakuna awezaye kumnyang'anya.

Jina ni ukweli au ni mapatano?

Kabla ya kuhukumu, hatuna budi kuuliza kama jina lina uzito wowote. Plato aliandika mazungumzo mazima juu ya swali hili, yaitwayo Cratylus. Humo mtu mmoja, Cratylus, anashikilia kwamba kila kitu kina jina lake la kweli kwa maumbile yake. Mwenzake, Hermogenes, anaona kwamba majina ni mapatano ya watu tu. Cratylus anamwambia mwenzake kwamba Hermogenes si jina lake hata kama watu wote wanamwita hivyo. Maana jina hilo lamtaja mtoto wa Hermes, mungu wa faida, ilhali bwana huyu hana mali.

Tukimfuata Cratylus, basi mtoto aitwaye Mapendo asiyependwa hana jina. Hukumu hiyo ni ya kikatili, kwa kuwa inamnyang'anya mnyonge hata kile kidogo alicho nacho. Tukimfuata Hermogenes, jina ni sauti tu, na hapo hatutaweza kueleza kwa nini wazazi hushauriana siku kadhaa, wakauliza wazee, wakaota ndoto, kabla ya kulitamka.

Mimi naona iko njia ya tatu. Jina la namna hii halisemi lililopo, wala si sauti tupu. Jina ni ahadi. Na Waswahili wamekwisha kutufundisha kwamba ahadi ni deni. Kinachobaki ni kumtafuta mdaiwa.

Majina ya wenye enzi

Historia ya Ugiriki inatupa kwanza watu waliolivaa jina la upendo kama vazi la sherehe. Baada ya Alexander, Misri ilitawaliwa na ukoo wa Ptolemy, ambao ulipenda mno kujipamba kwa majina ya sifa. Arsinoe wa Pili aliitwa Philadelphos, yaani ampendaye ndugu yake. Mwanamke huyu aliolewa kwanza na Mfalme Lysimachus. Alipofiwa na mumewe, aliolewa na ndugu yake wa baba, Ptolemy Keraunos, ambaye aliwaua wawili kati ya wana wa Arsinoe. Akakimbilia Misri, akaolewa na ndugu yake wa baba na mama, Ptolemy wa Pili, na kwa ndoa hiyo ndiyo akapata sifa ya kumpenda ndugu. Jina lilimkumbuka ndugu mmoja na kumnyamazia mwingine.

Vizazi kadhaa baadaye, Ptolemy wa Kumi na Mbili, baada ya kurudishwa kwenye kiti chake kwa msaada wa Warumi mwaka 55 K.K., aliamuru binti yake Berenice auawe, kwa kuwa alikuwa ametawala mahali pake. Mwaka 51 K.K. alirithiwa na binti yake mwingine, Cleopatra mashuhuri, ambaye sifa yake ya kifalme ilikuwa Philopator, ampendaye baba. Cleopatra huyo alipigana vita na ndugu yake, na mwaka 41 K.K. dada yake aliuawa huko Efeso kwa kutaka kwake. Katika jumba lile upendo uliandikwa kwenye sarafu, na damu ikamwagika mezani. Pale jina la upendo linapovaliwa na mwenye nguvu, hakuna anayethubutu kulidai deni lake.

Jina la aliyemilikiwa

Upande wa pili wako waliopewa jina la upendo nao hawana nguvu yoyote. Mjini Roma, watumwa wengi waliitwa kwa majina ya Kigiriki, na Eros lilikuwa miongoni mwa majina yaliyoenea sana kati yao. Mshairi Martial, wa karne ya 1 baada ya Kristo, alikuwa na mtumwa mdogo wa kike aliyeitwa Erotion, jina ambalo kwa Kiswahili tungeweza kusema ni Kipenzi au Kapenzi. Alifariki akiwa hajatimiza miaka 6. Zilibaki siku 6 tu. Martial alimwandikia mashairi ya maombolezo, akawaomba wazazi wake mwenyewe waliokwisha kufa wampokee mtoto huyo kuzimu ili asiogope giza. Katika shairi jingine alimsihi yeyote atakayelimiliki shamba lile baada yake aendelee kuliheshimu kaburi dogo kila mwaka.

Huenda msomaji akasema: basi, huyu alipendwa kweli, na jina lake lilikuwa la haki. Machozi ya Martial sina sababu ya kuyatilia shaka. Lakini tujiulize: angeishi, angekuwa nani? Angekuwa Kapenzi wa kuuzwa. Bwana wake angeweza kumpenda asubuhi na kumwuza jioni, na sheria isingemwuliza neno. Upendo usioweza kumwacha mpendwa awe mwenyewe una upungufu ambao hata shairi zuri haliwezi kuuziba.

Jambo hili halikuwa la Roma tu. Pwani ya Afrika Mashariki nayo inalijua. Sidi Mubarak Bombay, mwongozaji mashuhuri wa misafara ya karne ya 19, alikuwa Myao aliyetekwa utotoni na kuuzwa hadi Bara Hindi. Mubarak ni aliyebarikiwa. Mwenzake katika msafara wa Burton na Speke wa mwaka 1857 aliitwa Mabruki, na maana yake ni hiyo hiyo. Waliwaita watu wenye baraka watu waliokwisha kunyang'anywa wazazi, kijiji na lugha. Kwa hiyo tusidanganyike na uzuri wa neno. Jina zuri kinywani mwa mwenye kumiliki laweza kuwa pazia la kufunikia dhuluma.

Waliolilipa deni

Hata hivyo si haki kuishia hapo, maana wako waliolilipa deni la jina lao kwa ukamilifu. Nitawataja wawili.

Wa kwanza ni Phila, binti wa Antipater wa Makedonia. Mwanahistoria Diodorus ameeleza kwamba baba yake alitaka shauri lake katika mambo makubwa tangu alipokuwa bado msichana. Alipokuwa mke wa Demetrius, aliwaozesha kwa gharama yake mwenyewe mabinti na dada wa maskini, akawaokoa wengi walioshtakiwa kwa uwongo. Mumewe aliongeza wake wengine, na alipopoteza ufalme wa Makedonia mwaka 288 K.K., Phila alikunywa sumu akafa. Aliitwa mpendwa, kama alipendwa inavyostahili, msomaji ataamua mwenyewe. Ila yeye alipenda. Jina lake lilikuwa la kutendwa, naye akalifanya la kutenda.

Wa pili ni Philothei wa Athens. Alizaliwa mwaka 1522 katika ukoo wa kitajiri wa Benizelos, wakati Athens ikitawaliwa na Waturuki wa Dola ya Uthmaniya. Nyumbani aliitwa Revoula. Aliozwa angali mdogo kwa mwanamume mkali aliyemtesa, naye akawa mjane baada ya miaka michache. Alikataa kuolewa tena, akaanzisha nyumba ya watawa, na alipoingia utawani ndipo akalichukua jina la Philothei. Nyumba yake ikawa kimbilio la maskini na la wanawake waliotoroka utumwa. Kwa sababu ya kuwaficha wanawake hao alikamatwa na kufungwa. Mwaka 1588 alivamiwa na kupigwa vibaya, na mwezi Februari 1589 akafariki kwa majeraha hayo. Leo kitongoji kimoja cha Athens kina jina lake.

Tumlinganishe na Erotion. Mtoto yule alibandikwa jina la upendo akiwa mali ya mtu. Mwanamke huyu alilichukua jina la upendo kwa hiari yake akiwa mtu mzima, na matunda ya jina hilo yalikuwa ni kuwafungulia mlango wanawake waliokuwa mali ya watu. Hapo ndipo naona jibu la swali letu. Jina la kupendwa ni hati ya deni iliyoandikwa na wazazi, ukoo na jamii. Mtoto ndiye mdai, wala si mdaiwa. Jina la kupenda ni deni analojitwika mtu mwenyewe anapokuwa na akili ya kuchagua. Tusiyachanganye hayo mawili.

Pengine mtu atapinga kwamba wazazi wengi hawafikirii maana. Ugiriki kwenyewe ni desturi iliyoenea kumpa mtoto jina la babu au bibi yake; Agapi huitwa Agapi kwa sababu bibi yake aliitwa hivyo. Huku kwetu pia watoto wengi ni masomo wa babu na bibi zao. Pingamizi hili nalikubali, lakini halilifuti deni. Anayempa mtoto jina la bibi yake anasema: tuliyempenda yule tutakupenda na wewe. Hiyo nayo ni ahadi.

Kazi yetu walimu

Sisi walimu tuna sehemu yetu katika malipo haya. Kila asubuhi tunayatamka majina ya watoto mbele ya wenzao. Mwalimu aweza kuliita jina Mapendo kwa dhihaka, pale mtoto anapokosea hesabu au anapokuja amechelewa, akamwuliza mapendo yako wapi. Darasa litacheka, na mtoto atajifunza kwamba jina lake ni fimbo. Yawezekana mtoto huyo amechelewa kwa kuwa amelelewa na watu wasiomjali, amechota maji na kufagia ua kabla ya jua kuchomoza, akaja shuleni bila kutia kitu tumboni. Hapo wanaodaiwa mapendo ni wengine, na mmoja wao ni mwalimu aliyemcheka.

Fauka ya hayo, tunapofundisha maana za majina, kama tufanyavyo katika vipindi vya lugha na utamaduni, yafaa tusiishie kwenye kufasiri. Tuwaulize wanafunzi: jina hili ni la kutenda au la kutendwa? Nani aliahidi nini? Msichana aitwaye Filomena na ajue kwamba jina lake halimwagizi kupendeza watu, bali linawakumbusha watu wajibu wao kwake. Ajue pia kwamba mlango wa kupenda uko wazi kwake, kama ulivyokuwa kwa Phila na Philothei, wala hahitaji ruhusa ya mtu kuuingia.

Upo mnyambuliko mmoja ambao hatukuugusa, nao ni pendana. Aristotle alisema kwamba urafiki hautimii mpaka wema uende na kurudi, na kila mmoja ajue kwamba mwenzake anamtakia mema. Neno hilo halimtoshi mtu mmoja. Twaweza kumwita mtoto Pendo, Mpendwa au Mpenda-watu, lakini kupendana hakuwezi kubebwa na mabega mamoja. Labda ndiyo sababu majina ya upendo, kwa Wagiriki na kwetu, hubaki yakingoja. Yanamngoja mtu wa pili aitike.